Chupa Inaruka, Kishikio Kinalia: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kingine

Mwezi wa Februari, saa nne asubuhi, baina ya Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi, nikiwa juu ya baiskeli yangu ya mbio, nilishusha mkono kutafuta chupa ya pili ya maji nikashika waya mtupu wa kishikio. Chupa ilikwisha kuruka kwenye tuta mojawapo huko nyuma, wala sikuisikia ikianguka. Ya kwanza nilikuwa nimeimaliza zamani. Kulia mashamba ya chumvi yananipiga mng'ao machoni, mbele kaskazi inanigonga kifuani, na kinywa kimekauka hata mate hayapiti. Nilifika duka la kwanza naona vimulimuli.

Siku ya pili nikaenda kwa fundi wangu hapa Malindi, pesa mkononi, nimeshaamua kununua kishikio cha bei ghali.

"Shikamoo mzee. Nataka holda nzuri, hii imenitia hasarani."

"Marahaba. Umekuja na chupa yenyewe?"

Nilikuwa nayo nyingine ya namna ileile, ya maji ya dukani. Akaipachika, akaisukuma kwa kidole kimoja, ikazunguka kama pia. "Mwanangu, holda haina kosa. Umeivisha kanzu ya mtu mwengine."

Tangu siku hiyo kila mwenzangu akilalamikia kishikio cha chupa, namwomba kwanza anieleze dalili. Mara nyingi kishikio cha bei nafuu hakina hatia; mkosaji ni chupa, au bolti, au chumvi ya hewa yetu. Nimezipanga hapa dalili ninazokutana nazo kwenye baiskeli za mbio za huku kwetu. Anza na ile inayokusumbua.

Chupa inaruka ukipita tuta au kabro

Hii ndiyo dalili kubwa, na ina vyanzo kadhaa. Vikague kwa utaratibu huu.

Kwanza unene wa chupa. Chupa za baiskeli, ziwe za Elite ya Italia au zisizo na jina, hutengenezwa kwa kipenyo cha karibu mm 73 hadi 74, na vishikio karibu vyote hufuata kipimo hicho. Kama huna kifaa cha kupimia, chukua uzi, uzungushe kwenye tumbo la chupa, kisha uulaze kwenye rula: upate kama sm 23. Chupa za maji za nusu lita nilizopima mwenyewe zilikuwa baina ya sm 20 na 21. Tofauti hiyo ya uzi ni pengo la karibu mm 8 kwenye kipenyo, na chupa yenye pengo kama hilo itatoka tu, hata kishikio kiwe cha bei gani.

Dawa ya kweli ni chupa ya baiskeli. Dawa ya muda ni tyubu kuukuu: kata ukanda wenye upana wa sm 4 hivi, uzungushe kwenye chupa pale kishikio kinapoikumbatia, ufunge kwa gundi ya viraka. Tyubu ya baiskeli ya kawaida ina unene wa karibu mm 1, hivyo kila mzunguko huongeza kama mm 2 kwenye kipenyo. Mizunguko minne yatosha. Mpira nao huuma vizuri, chupa haitelezi.

Pili, kishikio kimepanuka. Weka chupa halisi ya baiskeli uitikise. Ikicheza, mikono ya kishikio imefunguka. Cha waya wa chuma au wa alumini kinarudishwa: kivue kwenye fremu, kikandamize kwa viganja kidogo kidogo huku ukijaribu chupa kila mara. Chuma hukubali kurudishwa mara nyingi. Alumini usiizoeshe, maana kila unapoikunja na kuikunjua unaisogeza karibu na kukatika. Cha plastiki kilichopanuka kimekwisha. Nimeona watu wakikipasha moto ili wakikunje. Kinakunjika kweli, halafu kinavunjika barabarani.

Tatu, ulimi wa kishikio haukuingia mahali pake. Chupa ya baiskeli ina mfereji unaoizunguka, na kishikio kina ulimi au jino linalopaswa kulala ndani ya mfereji huo. Ukiona jino limekaa juu au chini ya mfereji, chupa inashikwa kwa kubanwa tu. Nenda na chupa yako dukani. Hii ndiyo nasaha ninayoirudia kuliko zote: usinunue kishikio bila chupa mkononi. Ukiisukuma mpaka chini unatakiwa usikie jino likigonga mfereji, "tak."

Nne, uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chupa ya ml 950 ikijaa, kishikio chepesi cha plastiki laini hakiiwezi kwenye njia ya mashimo. Kwa safari ya Watamu na kurudi, ml 600 mbili zinatosha wengi wetu. Kwa barabara ya kuelekea Sala Gate, lango la mbuga ya Tsavo Mashariki, ambako maduka yanaadimika kadiri unavyokwenda, utataka kubeba kubwa. Basi kubwa iweke kwenye bomba la chini la fremu, katika kishikio kigumu, na ndogo kwenye bomba la kiti.

Na vile vishikio vinavyofungwa nyuma ya kiti, achana navyo kwa barabara zetu. Huko nyuma mrusho wa tuta huja na nguvu zote, tena hakuna bomba la fremu mbele ya chupa la kuizuia. Vimebuniwa kwa mashindano ya lami laini, na hata huko chupa hudondoka.

Jaribio kabla ya kutoka nyumbani: jaza chupa, inua gurudumu la mbele kiasi cha sm 10 uliachie. Fanya hivyo kwa gurudumu la nyuma pia. Rudia mara tano. Ikiwa chupa imepanda hata nusu kidole, barabarani itatoka.

Kishikio kinalia

Toa chupa uendeshe mita mia moja. Kelele ikinyamaza, ilikuwa chupa, rudi kwenye dalili ya kwanza hapo juu. Ikiendelea, shika kishikio ukitikise. Kikicheza, bolti zimelegea. Kisipocheza lakini kelele ipo, na inakuja kila unapokanyaga pedeli, usikimbilie kufungua mhimili wa pedeli. Fremu hujipinda kidogo sana kila unapokanyaga, na bolti kavu ya kishikio hulia kwa mpigo uleule wa miguu. Fungua bolti zote mbili, futa, paka grisi kwenye meno na chini ya kichwa, rudisha. Nimemwona kijana akilipia mhimili mpya wa pedeli, na kelele akarudi nayo nyumbani, kwa sababu hakuna aliyegusa bolti mbili za kishikio. Hilo liliniuma kweli. Pesa ile kwake ilikuwa nyingi.

Kishikio kimekatika

Tazama kilipokatikia, kwani hapo ndipo sababu inapoonekana.

Kimekatika mahali palipochomelewa, au kwenye kona ya waya: ni uchovu wa alumini. Alumini haisahau. Kila tuta na kila tofali la kabro huhesabiwa, ufa mdogo huanza usipouona, na siku moja mkono unabaki na chupa. Hakuna fundi wa kuchomelea mitaani atakayekirudisha kishikio cha waya mwembamba hivyo kwa bei inayopungua bei ya kipya. Kibadilishe. Ila jiulize kama kilikuwa kinacheza kwenye bolti zake, sababu kishikio kilicholegea huchoka haraka zaidi.

Kimepasuka kwenye tundu la bolti: umekikaza kupita kiasi. Bolti hizi zinataka Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 2 hadi 3 tu, nguvu ndogo mno. Kama huna spana yenye kipimo, chomeka upande mrefu wa alenki (ufunguo wa pembe sita uliokunjwa) kwenye bolti, ukaze kwa kushika upande mfupi kwa vidole viwili. Vidole vikikataa, acha.

Kimepasukapasuka chote, rangi imepauka na uso unatoa unga: ni jua. Plastiki ya bei ya chini kabisa hukaukia juani, hasa baiskeli ikilala uani badala ya ndani.

Sasa, cha kununua. Kwa hapa pwani ninapendekeza namna mbili. Ya kwanza ni plastiki ngumu ya nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Haina kutu, haipigi kelele, haiachi weusi, na ni nafuu. Vyangu viwili nilivipata kwa shilingi 300 kila kimoja na vinaendelea kufanya kazi. Kigeuze uangalie mgongoni, pale penye matundu ya bolti: pawe pana na nene. Kisha panua mikono yake kwa vidole. Kirudi chenyewe kwa nguvu, bila kulia na bila mstari mweupe kutokea kwenye kona. Mstari mweupe ni ufa unaokuja.

Ya pili ni chuma kisichoshika kutu, waya au bomba jembamba. Ni kizito kidogo na bei iko juu, ila kinakunjika na kurudi miaka na miaka. Baadhi ya baiskeli zinazouzwa hapa mkono wa pili huja na vishikio vya namna hii. Ukikuta kimoja hata kikiwa kimechakaa rangi, kichukue.

Jihadhari na chuma cha kawaida kilichopakwa rangi na kuuzwa kama alumini. Beba kisumaku kidogo. Sumaku ikinata sawasawa, hicho ni chuma cha kutu, na kusi moja itakimaliza. Haitanata kabisa kwenye alumini, na kwenye chuma kisichoshika kutu itanata kidogo tu au isinate. Vilevile kuna plastiki iliyobandikwa karatasi yenye michoro ya kaboni. Kaboni halisi ni nyepesi na nzuri, lakini ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi huifanya alumini ile iliwe. Kwa bajeti ndogo na hewa yetu, sioni sababu ya kuitafuta.

Bolti imeganda, haitoki

Hapa ndipo pwani inapotutofautisha na wenzetu wa bara. Mtu wa Eldoret anaweza kusahau bolti zake miaka mitatu. Sisi ukisahau msimu mmoja wa kusi, umechelewa.

Chanzo si kutu peke yake. Fremu nyingi za baiskeli za mbio ni alumini, na nati zilizobanwa ndani ya matundu ya fremu ya kufungia kishikio mara nyingi ni alumini pia, ilhali bolti ni chuma. Madini mawili tofauti yakigusana penye maji ya chumvi hugeuka betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe hujaa baina ya meno ya bolti na nati, vikashikana kama vimechomelewa. Chumvi yenyewe haitoki baharini peke yake. Jasho lako linadondokea palepale, na kinywaji kitamu kinachovuja chupani kinateremkia palepale.

Usikurupuke na nguvu. Kwanza chokonoa uchafu ndani ya kichwa cha bolti kwa msumari mwembamba, ili alenki ya mm 4 izame mpaka mwisho. Alenki iliyochomekwa nusu ndiyo inayoviringa kichwa. Tia mafuta ya kupenyeza kutu kwenye ukingo wa bolti, uache usiku kucha. Asubuhi chomeka alenki, igonge kichwani mara mbili tatu kwa nyundo ndogo, halafu jaribu kukaza kidogo kabla ya kufungua. Kule kukaza hupasua unga. Ikisogea hata robo, tia mafuta tena, nenda mbele na nyuma.

Ikikataa, na fremu ni ya chuma au alumini, kamua kitambaa kilicholowa maji ya moto sana ukifunge penye nati kwa dakika chache, ukirudia. Alumini hutanuka zaidi kuliko chuma ikipata joto, na hilo huachia mshiko. Moto wenyewe usiulete karibu, utaunguza rangi. Na fremu ya kaboni usiipashe hata kidogo.

Kichwa kikishaviringika, kata mfereji juu yake kwa msumeno wa chuma, utumie bisibisi pana. Kikishindikana hapo ni kazi ya keekee, na keekee mpe fundi mwenye mkono uliotulia.

Zikitoka, usirudishe zilezile. Nunua bolti za M5, yaani kipenyo mm 5 na hatua ya meno mm 0.8, urefu mm 12 hadi 16, za chuma kisichoshika kutu. Kichwani huandikwa A2 au A4. A4 ina molibdeni ndani yake na huvumilia chumvi zaidi. Kama maduka ya baiskeli hawana, waulize mafundi wa mashua. Paka grisi nzito, ile ya beringi au ya mashua. Mafuta ya kupikia hayafai. Mvua moja yameoshwa na vumbi limenasa.

Halafu ratiba: kila baada ya miezi mitatu fungua, futa, paka, funga. Ukitoka safari ya ufuoni, suuza baiskeli kwa maji matamu. Maji ya kisima chenye chumvi yanaongeza tatizo.

Nati ya ndani ya fremu inazunguka

Unafungua bolti, inazunguka, inazunguka, haitoki. Nati imeachia fremu. Mara nyingi hutokana na mtu aliyekaza sana, au aliyelazimisha bolti iliyoganda.

Vuta kishikio kwa mkono mmoja, kama unayekitoa nje ya fremu, ili nati ipate cha kushikilia, kisha fungua taratibu. Ikikubali, fundi mwenye mashine ya kubana nati anaweza kuibana upya au kuweka mpya. Gundi peke yake niliwahi kuijaribu, haikumaliza mwezi. Ikiwa ni fremu ya kaboni, simama hapo na utafute anayeijua kaboni.

Bolti mpya ikikaza kabla kichwa hakijagusa kishikio, hiyo ni ndefu kupita kiasi. Kwenye bomba la kiti huenda inagonga nguzo ya kiti iliyoteremshwa ndani. Usiilazimishe. Badilisha na fupi, au tia washa (kipete cha chuma) chini ya kichwa.

Chupa haiingii, au haitoki

Fremu ndogo zina pembetatu ndogo, na wengi wetu tumenunua mkono wa pili bila kuchagua saizi. Chupa ya ml 750 ikigonga bomba la juu, kuna njia mbili. Chupa fupi ya ml 500 ndiyo rahisi na ndiyo nafuu. Nyingine ni kishikio cha kuchomoa kwa ubavu, kinachofunguka kulia au kushoto. Hapo angalia mkono unaoutumia: anayechomoa kwa mkono wa kulia anataka kinachofunguka kulia. Duka linaweza kukuuzia viwili vya upande mmoja, ukaja kujua njiani kwamba kimoja kinataka mkono usiouzoea.

Chupa ikibana mno hata unayumba barabarani ukiivuta, ni hatari kweli, matatu iko nyuma yako. Panua kishikio cha waya kidogo, au cha plastiki kiache na chupa ndani usiku mbili tatu kilegee chenyewe. Usipake mafuta. Kama chupa ni pana kuliko sm 23 na nusu kwa uzi, chupa ndiyo isiyofaa.

Weusi kwenye chupa na mikononi

Ni alumini isiyopakwa rangi ikisagika na vumbi. Haina madhara kwa kishikio. Futa mchanga mara kwa mara, au funika sehemu za kugusa kwa kipande cha tyubu.

Fremu haina matundu, au matundu hayalingani

Matundu ya kawaida yako umbali wa mm 64 baina ya kitovu na kitovu. Vishikio vingi vina tundu refu moja ili kusamehe tofauti ndogo. Kisipolingana, usitoboe fremu. Toboa kishikio, kama ni cha plastiki nene.

Fremu za zamani zisizo na matundu hufungwa kwa klipu za hosi, mbili, za chuma kisichoshika kutu, na chini yake ukanda wa tyubu ili zisikwangue rangi wala kuteleza. Kata ncha zinazobaki na uzifunike, maana zinachana paja. Kebo tai za plastiki zinafaa kukufikisha nyumbani, si zaidi. Na klipu ya chuma usiifunge kwenye bomba la kaboni hata siku moja.

Ukishamaliza kurekebisha, jaza chupa zote mbili, pita njia ya kabro mjini, kisha nenda mpaka Gede na urudi, kama kilomita 32 kwa jumla. Ukifika nyumbani, kabla hujashuka kuoga, gusa bolti zote nne kwa alenki. Bolti mpya hulegea mara ya kwanza. Kaza kwa vidole viwili, na tia moja ya akiba kwenye kifuko cha chini ya kiti, pamoja na alenki ya mm 4.